Wakorea Wawili Niliokula Nao

Kalekye, mwaitu,

Wewe na mama yako mmeenda Tawa kumuaga nyanya, na namjua nyanya, hatawaachilia kabla hamjala mkashiba, kwa hivyo nina mchana mzima. Nimeketi jikoni. Nimeachiwa kazi ya kuangalia muthokoi, haya mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, usishike sufuria, na tayari umeshika kidogo. Mama yako akiuliza, mwambie ni kuni za mwaka huu.

Sitakuandikia habari ya sweta na pasi na kutoongea na watu uwanja wa ndege. Hayo mama yako ameshayasema mpaka mbuzi wanayajua. Nakuandikia kwa sababu ya jibu nililokupa juzi pale kwenye tangi. Ulikuwa unachota maji, ukaniuliza bila kunitazama, "Baba, na nikishindwa huko Korea?" Nami nikakujibu upesi, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi, "Sisi hatushindwi." Ukasema, "Sawa, Baba." Ukabeba ndoo ukaenda zako. Jioni mama yako akakukuta nyuma ya zizi unalia, ukamwambia ni moshi. Moshi gani nyuma ya zizi, Kalekye?

Nilikujibu vibaya. Wala si wewe niliyekuwa nakujibu, nilikuwa najibu ile harambee ya Jumapili. Uliona mwenyewe. Mchungaji aliinua mkono wako kanisa zima likitazama, akasema, "Huyu hatatuangusha!" na watu wakaitikia Amina mpaka mabati yakalia. Kila aliyetoa kitu alitoa na neno lake. Huyu anataka urudi umesomea maji vizuri umalize ukame wa Mukuyuni nzima, yule anataka uje na mtambo wa kuchimba visima, wale wa kwaya wanasema usituletee Mkorea, na ukimleta awe anajua kulima. Mzee Nzioka jirani yetu jogoo wake alinadiwa mara tatu na mara zote tatu akamnunua mwenyewe ili amtoe tena. Nyumbani kwake wameshamwita ndama wao Korea. Nilikuwa nimeketi mbele nimevaa lile koti langu, najiona mkubwa, na nilipokutazama nikaona unatabasamu kama mtu anayepigwa picha. Nikajifanya sijaona.

Sasa acha nikueleze habari ya Wakorea wawili niliowajua mimi, kwa sababu unaenda kwao na hujawahi kunisikia nikiwaeleza sawasawa. Wa kwanza alitoka Kaskazini, wa pili alitoka Kusini, kule uendako. Nimekula chakula cha wote wawili. Hakuna mtu mwingine Makueni yote anayeweza kusema hivyo, na kama yuko, ajitokeze.

Wajua kwamba kabla sijaoa nilikwenda kusini mwa Afrika kuuza vinyago. Sisi Wakamba wa kuchonga ndivyo tulivyokuwa: unapakia twiga na vifaru kwenye magunia, unavuka mipaka, unatandaza shuka kando ya barabara ya wazungu. Mwanangu, biashara hiyo ina siku zake. Zangu zilikuwa mbaya. Vinyago vilipasuka kwa ukame wa kule, mwenzangu akanikimbia, na nikabaki katika mji ambao sikujua hata kuomba maji kwa lugha yao. Wakati huo serikali ya nchi ile ilikuwa inajenga mnara mkubwa wa mashujaa, na waliopewa kazi walikuwa Wakorea wa Kaskazini. Walitafuta watu wa kusugua na kulainisha mawe. Mimi na patasi tumelelewa pamoja, nikachukuliwa siku hiyohiyo.

Ndipo nikawekwa jiwe moja na mtu aliyeitwa Ri. Alikuwa mwembamba, mikono mizuri sana ya kazi, kwenye shati amebandika beji yenye uso wa kiongozi wao, hata shati likibadilika beji haibadiliki. Alijua Kiingereza cha kuokoteza, na mimi changu unakijua. Tulielewana, hata wakati wa kula akanionjesha kabeji yao ya chumvi. Ila Ri hakuwa peke yake hata dakika moja. Wenzake wote walitembea wawili wawili, dukani wawili, chooni wawili, na Ri alikuwa na mwenzake mrefu ambaye sisi vibarua tulimwita Kivuli. Ukimsalimia Ri, Kivuli anageuka. Ukimpa Ri maji, Kivuli anatazama kikombe.

Nilimuuliza habari za kwao. "Nzuri sana," akasema. Chakula? "Kizuri sana." Familia? "Nzuri sana." Na kila akisema hivyo jicho moja linakwenda kwa Kivuli. Lakini usifikiri alikuwa anadanganya kila kitu. Aliipenda nchi yake. Milima ya kwao alinichorea kwa chaki juu ya jiwe, akaichora vizuri mno, hata sikutaka kuifuta. Aliniambia kwao mtu hafukuzwi nyumba kwa sababu ya kodi, nyumba unapewa na serikali, mtoto anasoma bure. Mimi wiki hiyo mwenye chumba alikuwa amenitupia magunia nje. Nikamwambia, "Ri, niandikie na mimi nihamie kwenu." Akacheka kidogo, akaacha ghafla.

Jioni, sisi tukitoka, tulikuwa tunapita kando ya ua wa kambi yao. Siku moja ya wiki waliketi kwa mistari, mmoja anasimama, kichwa chini, anasema maneno, kisha wengine wanasimama mmoja mmoja wanamwambia yeye. Nikamuuliza Ri ni nini ile. Akanieleza kwamba kila wiki lazima useme kosa lako, na useme kosa la mwenzako. Nikauliza, na kama wiki hiyo hukukosa? Akasema, "Unatafuta." Nikacheka, nikamwambia kwetu tunaita ushuhuda. Yeye hakucheka.

Siku ambayo Kivuli alilala na homa kambini, ndiyo siku pekee niliyopata Ri nusu saa bila mtu. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Mbona usitoroke? Mpaka uko pale, jangwa lile, nani atakushika?" Hakujibu kwa mdomo. Aliteremsha kiganja chake mpaka usawa wa goti, akakishikilia pale hewani, kama mtu anayekupimia urefu wa mtoto. Kijana wake. Serikali yao ilikuwa ikichagua wenye watoto, na watoto wanabaki kama rehani. Ri alikuwa ameondoka kwao miaka mingi, lakini kiganja kilikuwa kwenye goti tu, kwa sababu hakujua mtoto amefika wapi. Mwaitu, mimi sikuwa na mtoto wakati huo, na bado kile kiganja sijakisahau.

Basi nikafanya upumbavu wa Mkamba. Nikachonga twiga mdogo, nikamsugua mpaka akang'aa, nikaamua kumpa Ri apeleke kwa kijana wake. Na unajua sisi, zawadi haitolewi gizani. Zawadi ya kificho ni ya mchawi au ya mwizi. Kwetu unatoa mbele ya watu, unasema kwa sauti, na waliopo wanapiga makofi, ndivyo nilivyofunzwa na mama. Kwa hivyo nikangoja wakati wa kula, vibarua wote wapo, Wakorea wote wapo, Kivuli yupo, nikasimama nikatangaza, "Huyu ni rafiki yangu Ri, na hii ni ya mtoto wake!" Vibarua wakapiga makofi. Ri akawa kama jiwe tulilokuwa tunachonga. Alishika yule twiga kwa vidole viwili.

Jioni ya mkutano wao nikamwona amesimama, kichwa chini, na waliosimama kumsema walikuwa wengi. Kesho yake Kivuli akanirudishia twiga bila neno. Ri akapelekwa upande wa kuchanganya saruji, mbali, na sikuruhusiwa kumsogelea tena. Hata nilipomwinulia mkono, alitazama pengine. Mara moja tu alipita karibu na toroli la saruji, na alipofika usawa wangu akateremsha kiganja mpaka gotini, upesi, akatabasamu, akaendelea kusukuma. Baada ya mvua kikundi chao kilibadilishwa wakaja wengine. Sijui kilichompata. Mpaka leo nikiomba usiku namtaja, na mama yako anaulizaga huyu Ri ni mtu wa ukoo gani.

Nilichojifunza hapo kwanza ni kwamba mtu mwenye mdomo huru anaweza kumuumiza asiye nao bila hata kujua. Nilifikiri uhuru wangu ni wa kila mtu, naweza kumgawia kama ugali. Lakini somo kubwa lilinijia baadaye, na hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Wakati huohuo nilipokuwa namhurumia Ri kwa zile "nzuri sana" zake, mimi nilikuwa nampigia mama yangu simu. Hakukuwa na simu za mkononi. Alikuwa anakuja Mukuyuni dukani siku niliyomwambia, anangoja, mimi napiga kutoka posta. Na Kalekye, nilimwambia nini? "Niko sawa kabisa, Mama. Kazi ni nzuri. Nakula vizuri." Nilikuwa nalala kwenye stoo ya saruji. Kuna siku chakula kilikuwa chai na mkate, na mkate ni wa jana. Hakuna Kivuli aliyesimama nyuma yangu kwenye ile posta. Hakuna mtu ambaye angesimama kunisema jioni. Ningeweza kusema, "Mama, kumeharibika, nataka kuja nyumbani," na serikali zote mbili, yetu na ya kule, zisingejali. Lakini nilikuwa nimechinjiwa mbuzi nikiondoka. Wazee walikuwa wamesema maneno. Nikaona afadhali nife huku kuliko nionekane nashuka kwa gari na mfuko mmoja. Ri alifungwa mdomo na watu wenye bunduki. Mimi nilijifunga na mbuzi.

Nilikaa miaka mingine mitano hivyohivyo, ya bure kabisa. Miaka mitano, mwaitu! Baba yangu alizikwa sipo. Dada zangu wawili waliolewa sipo. Nilikuja kurudi kwa sababu ya malaria, si kwa sababu ya akili. Nikashuka hapo barabarani, nikapita njia ya nyuma ya mashamba ili watu wasinione, nikamkuta mama anapepeta ndengu. Nikasimama. Nikamwambia, "Mama, nimekuja mikono mitupu." Aliweka uteo chini, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama juu na chini. Akasema, "Hii mikono ndiyo nilikuwa nangoja." Huyo ndiye uliyerithi jina lake, na ndiyo maana nakuita mwaitu, mama yangu, hata watu wakinicheka. Halafu, usiku huo huo, akanitukana tusi ambalo siwezi kuliandika kwa mtoto, kwamba nilimfanya alidanganye soko zima la Mukuyuni bila yeye kujua.

Mkorea wa pili ni Mama Min, ambaye unamkumbuka kidogo. Wewe ulikuwa mdogo, alikuwa anakupa peremende na unamkimbia. Yeye na mume wake walikuwa wamisionari kutoka Korea Kusini, walipanga nyumba Tawa, wakachimba kile kisima cha kanisa, na mimi ndimi niliyewajengea ukuta wa mawe. Yeye ndiye aliyeanzisha hili jambo la watoto wetu kusomea kwao. Nilimpenda siku ya kwanza kwa sababu alijiita Mama Min, kwa jina la mwanawe, sawasawa na wamama wa hapa. Akaniambia kwao ndivyo ilivyo, mwanamke akizaa jina lake linapumzika.

Siku moja akaniletea chakula cha mchana, na pembeni ile kabeji yao iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, wanaiita kimchi. Nikaonja, nikamwambia, "Hii yako ni kali. Ile ya Ri ilikuwa na maji mengi na pilipili kidogo." Nilikuwa nasema tu, mtu anayetafuna. Mama Min akaacha kijiko. "Ri ni nani?" Nikamweleza. Akaketi chini kwenye mchanga wangu wa kujengea, na gauni lake safi, akaniambia, "Ile ya maji mengi ni ya mama yangu." Mama yake alizaliwa upande wa Kaskazini, akavuka kuja Kusini akiwa msichana wakati wa vita, na mpaka wa nchi ukafungwa nyuma yake. Ndugu zake wakabaki. Hakuna barua, hakuna simu, hakuna kuaga kaburi. Ati kuna kilima fulani mpakani watu wa Kusini wanapanda, wanatazama upande wa pili kwa darubini, na mama yake alikuwa anapelekwa huko sikukuu, anatazama, anarudi nyumbani anapika kabeji yake ya maji. Si mbali. Kama sisi tungekuwa tunapanda kilima kuangalia Kitui, na Kitui hakuna njia ya kufika.

Akaniuliza maswali kama mtoto. Ri alikuwa mwembamba sana? Alikuwa anacheka? Alisema maneno gani? Mikono yake ilikuwaje? Fikiria, Kalekye. Yule mama alikuwa na pasi ya kumfikisha dunia nzima mpaka Tawa, na hakuwahi kuketi na mtu wa upande alikozaliwa mama yake. Mimi Mkamba mwenye patasi nilikuwa nimekula naye. Nilimweleza yote, hata habari ya twiga, na alilia, na mimi nikajifanya nachanganya saruji.

Tangu hapo tukawa tunaongea. Aliniambia habari za Kusini. Huko ukitaka kumpinga rais unaingia barabarani na mshumaa na wenzako, kwa amani. Wameshatoa marais madarakani, wengine wakaenda jela, na asubuhi watu wakaenda kazini. Kanisa unachagua, gazeti unachagua, na ukichoka na nchi unapanda ndege unakuja kuchimba kisima Makueni. Nikamwambia, "Basi ninyi mmefika mbinguni." Akatikisa kichwa, akaniambia habari ya Min.

Kijana wake alisoma tangu alfajiri mpaka usiku, shule, halafu shule nyingine jioni ya kulipia, kwa sababu huko kuna mtihani mmoja wa kuingia chuo kikuu ambao siku yake nchi nzima inatembea kwa vidole. Min aliufanya akakosa alama alizotaka. Akaurudia, akakosa. Na tangu hapo alikuwa katika chumba kidogo huko Seoul, hapokei simu ya mama yake. Anaandika neno moja kwenye simu: "Niko sawa." Mama Min akasema, "Baba Kalekye, mwanangu anaweza kusimama barabarani amwambie rais wake ukweli. Mimi mama yake hawezi kuniambia."

Sasa nisikilize vizuri. Usije siku moja ukakaa na wasomi wenzako ukasema basi Kaskazini na Kusini ni mamoja. Si mamoja hata kidogo, na ukisema hivyo Ri ataniuliza siku ya mwisho nilikulea vipi. Kaskazini mlango umefungwa kwa nje na mtu ana bunduki. Kusini mlango uko wazi, ila watu wanaona haya kutoka. Wa kwanza anahitaji ukombozi. Wa pili anahitaji mtu mmoja tu nyumbani wa kumwambia, toka, hakuna atakayekucheka. Min hakuwa na huyo mtu kwa muda mrefu, kwa sababu mama yake, kwa kinywa chake alinikubalia, alikuwa anamwambia kila siku, "Sisi hatushindwi."

Ndiyo. Maneno yaleyale. Niliyasikia kutoka kwake nikatikisa kichwa kama mzee wa hekima, halafu miaka imepita nimekuja kuyasema pale kwenye tangi, kwa mtoto wangu mwenyewe. Haki mtu anaweza kufundishwa mara mbili na bado akawa mjinga. Siku ile nilipokujibu nilifanya nyumba hii iwe kambi ya kina Ri. Ulisema "Sawa, Baba" na jicho lako likaenda pembeni. Nililiona hilo jicho. Nilikuwa nalijua.

Kwa hivyo leo asubuhi, mlipoondoka tu, nilivaa viatu nikatoka. Hukuambiwa, hata mama yako hajui. Nimezunguka kwa wale waliosimama kwenye harambee wakasema neno juu yako, nyumba kwa nyumba, jua hili la Mukuyuni, mguu wangu huu mbaya. Kila nyumba nimesema jambo moja: "Kalekye anaenda kesho. Akimaliza masomo, tumshukuru Mungu. Akishindwa akarudi baada ya mwezi, atarudi kwa njia kubwa ya mbele mchana, na nimekuja kuwaambia mapema ili asikute mtu amekunja uso." Haikuwa rahisi, sitakuficha. Mimi unanijua, heri niombwe figo kuliko kuomba radhi.

Mchungaji hakupenda. Alisema, "Baba Kalekye, unamvunja binti imani." Nikamwambia, "Mchungaji, wewe ndiye ulitufundisha ile habari ya mwana mpotevu. Baba yake alimuuliza mali iko wapi?" Akasema, "Na huyu wako si mpotevu hata," tukacheka, akaniombea pale mlangoni. Mama mmoja wa kwaya, simtaji, alinijibu kwamba wangejua hivyo wangengoja kwanza kabla ya kutoa. Sawa, hiyo ni haki yake, na nimemwambia kuku wake nitamrudishia kesho asubuhi.

Mzee Nzioka nilimwacha wa mwisho kwa sababu ya mdomo wake. Nilimkuta anafunga ua. Nikasema maneno yangu. Akanitazama akasema, "Musyoka, umetembea kwa jua hili kuniambia hivyo? Nilidhani umekuja kuomba jogoo mwingine." Nikacheka. Nikadhani tumemaliza. Lakini akaendelea kukaza ile waya, akasema bila kunitazama, "Wangu yuko Mombasa mwaka wa saba. Kila simu ni nzuri, nzuri. Na mimi namjibu nzuri. Wakati mwingine nafikiri tunasalimiana watu wawili waliokufa." Kisha akasema, "Mwambie Kalekye vai thina, hakuna shida. Arudi akitaka." Na nilipofika getini akaniita tena, akaniuliza kama simu yangu ina salio, tukampigia kijana wake palepale. Sikukaa kusikiliza. Nilienda kusimama kwa mbuzi.

Sasa umejua. Hakuna mtu hapa kwetu ambaye hajaambiwa. Nimekufungulia njia kwa miguu yangu, na nimefurahi kuliko siku ile niliyovaa koti.

Nenda, mwaitu. Nataka uende. Usisome hii ukadhani nakuvuta shati. Nataka ujue maji yanavyotafutwa chini ya mawe, nataka ule kabeji yao mpaka uwe na harufu yake, na ukikutana na mtu aliyevuka kutoka Kaskazini, wako wengi siku hizi, usimtangaze mbele ya watu kama baba yako. Ketini pembeni. Mkaribishe chai. Umwache aseme anachotaka kusema, na asiposema, mnywe chai tu.

Mambo yatakuwa magumu, najua. Utakuwa na baridi ambayo sisi hatuna hata jina lake. Utakosa kitu darasani ambacho wenzako walikijua wakiwa watoto, utalia chooni, na kesho yake huenda ukakishika. Vumilia kiasi unachoweza. Lakini kiasi unachoweza utakipima wewe, si Mukuyuni, wala si mimi.

Nikipiga simu sitakuuliza habari. Kwetu ukiulizwa habari huna jibu lingine ila nzuri, hata kama nyumba inaungua. Mama Min aliniambia kwao wanasalimiana kwa kuuliza, umekula? Basi nitakuuliza hivyo, na umekula nini, na umekula na nani. Hapo nitasikia mengine mwenyewe, kwa maana nimekulea na sauti yako naijua hata ukikohoa.

Na siku ukiniambia, "Baba, nataka kuja nyumbani," sitakuuliza kwa nini. Sitakuuliza umebakiza mihula mingapi, wala watu watasemaje. Nitakuuliza ndege inatua saa ngapi, basi.

Ni mimi, baba yako, Musyoka, mtu wa mawe, ambaye muthokoi umemuungulia kabisa.